Ugwe wa Parabola Si Mfupa wa Kale

Leo siandiki kuhusu simu mpya wala programu huria kama mlivyozoea. Leo nina ugomvi, tena na watu wawili kwa mpigo.

Wa kwanza ni yule asemaye, "Hisabati hii itanisaidia nini maishani?" Wa pili ni yule anayempa wa kwanza sababu ya kuuliza. Huyu ni mwalimu, au kitabu, au mwenye darasa la ziada la jioni, anayesema, "Fomula ndiyo hii, ikaririni, itakuja kwenye mtihani." Watu hawa wawili hudhani ni mahasimu. Mimi nasema ni pacha. Wote wawili wanaamini kwamba fomula ni kitu cha kubebwa kichwani hadi siku ya mtihani kisha kitupwe. Tofauti yao ni kwamba mmoja anataka kukitupa mapema.

Mimi ni mtoto wa Fort Ternan, kule Kericho, mahali ambapo reli iendayo Kisumu hushuka kutoka nyanda za juu kuelekea Muhoroni na mashamba ya miwa, nyuma yetu yakiwa mashamba ya chai. Ukimtajia msomi wa nje jina la Fort Ternan, kama analijua basi analijua kwa sababu ya mifupa. Mwaka 1961 Louis Leakey na wenzake walipata huko mabaki ya kiumbe aliyeishi yapata miaka milioni 14 iliyopita, naye mwaka 1962 akampa jina Kenyapithecus wickeri. Nafurahi kwamba kijiji chetu kimo kwenye vitabu. Lakini nimechoka kuona tukisifiwa kwa kilichozikwa tu, na nimechoka zaidi kusikia vijana wetu wakiambiwa kwamba hisabati ya namna fulani nayo ni mfupa wa kale, haina kazi, bora tuwape kitu chepesi.

Basi hebu tuchukue mfupa mmoja wa aina hiyo tuuchunguze. Nimechagua makusudi swali linalochukiwa: tafuta mlinganyo wa ugwe wa parabola iliyoandikwa kwa parameta. Kenya iliacha kulifundisha sekondari pale kidato cha tano na cha sita vilipoondolewa mwishoni mwa miaka ya 1980. Wenzetu wa Uganda na Tanzania, ambako ngazi hiyo ipo bado, wanakutana nalo, na wengi wao wanalikariri kama sala ya lugha wasiyoijua.

Kwanza, tulitoe lenyewe

Ugwe ni mstari mnyoofu unaounganisha nukta mbili za mkunjo. Fikiria uta wa kuwindia: mti uliopinda ndio mkunjo, na ule upote uliofungwa ncha mbili ndio ugwe. Hakuna zaidi ya hapo.

Parabola tunayoitumia ni hii:

y² = 4ax

Kila nukta yake inaweza kuandikwa (at², 2at). Hiyo t ndiyo parameta. Ichukulie kama namba ya nyumba kwenye mtaa: ukitaja t moja umetaja nukta moja, na kila nukta ina t yake. Jaribu mwenyewe: mraba wa 2at ni 4a²t², na 4a mara at² ni 4a²t². Zinalingana.

Sasa chukua nyumba mbili, p na q. Nukta zake ni (ap², 2ap) na (aq², 2aq). Mteremko wa mstari unaoziunganisha ni tofauti ya y ukigawa kwa tofauti ya x:

(2aq − 2ap) / (aq² − ap²)

Juu kuna 2a(q − p). Chini kuna a(q² − p²), na kila aliyefika kidato cha pili anajua kwamba tofauti ya miraba miwili ni (q − p)(q + p). Kinachofanana juu na chini kinaondoka, na mteremko unabaki:

2 / (p + q)

Andika mstari unaopita kwenye nukta ya p ukiwa na mteremko huo, zidisha pande zote kwa (p + q), na vitu viwili vya 2ap² vitakatana vyenyewe. Utabaki na:

(p + q)y = 2x + 2apq

Imekwisha! Mistari mitano ya kazi. Mteremko upo kidato cha pili, miraba miwili ipo kidato cha pili, mlinganyo wa mstari upo kidato cha pili. Kijana wa KCSE tayari ana zana zote mkononi. Halafu mtu anamwambia asijisumbue kuelewa, akariri!

Anachokosa anayekariri

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, kwa hiyo nitauangalia mlinganyo huu kama mtu anayetakiwa kuukabidhi kwa kompyuta. Kompyuta haina huruma. Ukiipa kitu kibovu kitakufia mikononi, tena usiku wa manane mteja akisubiri.

Anayekariri kanuni ya jumla ya mteremko, y mbili toa y moja gawa x mbili toa x moja, ataandika programu inayofanya kazi vizuri hadi siku ugwe utakaposimama wima. Hapo x mbili zinalingana, anagawa kwa sifuri, programu inaanguka. Lakini tazama umbo letu la mwisho. Ugwe ukisimama wima, p + q ni sifuri, na mlinganyo unasema tu x = ap². Hakuna kugawa, hakuna ajali, hakuna haja ya kuandika "kama ni wima basi fanya hivi". Hatua ile ya kuzidisha pande zote kwa (p + q), ambayo kwenye daftari inaonekana kama usafi tu, kwenye programu ni kinga.

Pili, nukta mbili zikikaribiana sana, kanuni ya jumla inatoa namba mbili zilizo karibu sawa, na kompyuta hupoteza tarakimu nyingi katika kutoa kwa namna hiyo. Matokeo yake ni mteremko wa ovyo. Sisi tuliondoa (q − p) kwa kalamu kabla kompyuta haijaigusa, kwa hiyo 2/(p + q) haina tatizo hilo. Tunaweza hata kuziunganisha nukta zikawa moja! Weka q = p upate:

py = x + ap²

Huo ni mstari unaogusa parabola mahali pamoja tu, yaani tanjenti. Tumeupata bila kalkulasi.

Tatu, badilisha p iwe q na q iwe p. Hakuna kilichobadilika. Mlinganyo hautaki kujua p na q mojamoja, unataka jumla yao na zao lao tu. Na lazima iwe hivyo, kwa sababu ugwe kutoka Fort Ternan hadi Muhoroni ni ugwe uleule kutoka Muhoroni hadi Fort Ternan. Ukikosea ishara mahali ukapata mlinganyo unaobadilika ukibadilisha herufi, utajua papo hapo umekosea. Aliyekariri hana kipimo hicho. Akisahau alama moja ya kutoa, ameangamia, na hatajua.

"Lakini nitaitumia wapi?"

Haya, sasa tumgeukie yule pacha mwingine. Njoo tutembee sokoni Fort Ternan, tuinue macho juu ya mapaa. Unaona nini? Madishi. Kila dishi ni parabola, na ukingo wake, ukiutazama kutoka ubavuni, ni ugwe.

Anza na dishi lile kubwa la wavu la futi sita, la zamani. Limekatwa sawasawa pande zote mbili za mhimili, kwa hiyo p na q ni namba ileile, moja chanya moja hasi, na p + q ni sifuri. Fundi anataka kujua aweke LNB umbali gani kutoka tumboni mwa dishi, maana LNB isipokaa kwenye fokasi mawimbi hayakusanyiki. Fokasi ipo umbali a kutoka ncha ya parabola. Upana wa dishi, tuuite D, ni 4ap. Kina chake, d, ni ap². Mraba wa D ni 16a²p². Gawa kwa 16d:

a = D² / 16d

Nyosha kamba juu ya dishi (huo ndio ugwe wenyewe!), pima kina kwa rula. Upana ukiwa sentimita 180 na kina sentimita 30, mraba wa 180 ni 32,400, gawa kwa 480, unapata sentimita 67.5. Weka LNB hapo. Hakuna kubahatisha, hakuna kupanda na kushuka paa mara kumi huku wateja wa ndani wakipiga kelele kwamba mechi imeanza.

Sasa njoo kwenye dishi dogo la nyumbani, lile ambalo mkono wa LNB unatoka chini. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Fort Ternan iko karibu kabisa na ikweta, kati ya nyuzi 35 na 36 mashariki. Madishi mengi ya televisheni ya kulipia hutafuta setilaiti iliyo juu ya ikweta kwenye nyuzi 36 mashariki. Kwetu sisi hiyo ni karibu utosini! Basi ungetarajia dishi lilale chali kama sinia, likitazama mbingu moja kwa moja. Lakini halilali hivyo, huinama kando. Je, linatazama kwingine?

Halitazami kwingine. Dishi hilo ni kipande cha parabola kilichokatwa upande mmoja wa mhimili, kwa hiyo p + q si sifuri tena, na ugwe wake umelala kwa mshazari. Mteremko ni 2/(p + q), ambayo ni kusema kwamba uso wa dishi umeinama kutoka kwenye mwelekeo halisi kwa pembe ambayo tan yake ni (p + q)/2. Tuchukue mfano: a iwe sentimita 50, kipande kianzie kwenye ncha, yaani p ni 0, na kiishie q ikiwa 0.8. Nukta ya mwisho ni (32, 80), na urefu wa ugwe ni kama sentimita 86. Hilo ni dishi la kawaida la nyumbani. Tan ya pembe ni 0.4, na pembe ni karibu nyuzi 22. Kwa hiyo dishi linalopokea kutoka utosini litakaa limeinama nyuzi 22 kutoka kwenye ulalo. Uso unatazama huku, sikio linasikia kule.

Na ile kanuni ya D² gawa 16d? Kwenye dishi hili haifanyi kazi, kwa sababu ilitoka kwenye hali ya p + q kuwa sifuri. Fundi aliyekariri kanuni ataitumia hapa pia, na ataapa kwamba dishi ni bovu. Fundi aliyeitoa mwenyewe anajua mpaka wake uko wapi. Hiyo ndiyo tofauti ninayoipigania.

Herufi unazosoma sasa hivi

Hata usipopanda paa, huwezi kuikimbia. Maneno haya unayasoma kwenye skrini. Umbo la herufi katika fonti za TrueType, ambazo Apple ilizitoa mwaka 1991 na Windows ikazichukua mwaka 1992, limeundwa kwa mistari mifupi na vipande vya parabola. Tumbo la herufi a katika neno "chai", likiwa limeandikwa kwa fonti ya aina hiyo, ni vipande vya parabola vilivyounganishwa.

Njia moja ya kuchora kipande hicho ni kukigeuza kuwa nyugwe fupi nyingi zinazokaribiana na mkunjo hadi jicho lisione tofauti. Swali la mwandishi wa programu ni moja tu: nyugwe ngapi zinatosha? Zikiwa chache herufi inakuwa na kona. Zikiwa nyingi simu ya bei nafuu inakwama na betri inaisha.

Mlinganyo wetu unajibu. Kwenye nyumba namba t, iliyo kati ya p na q, pengo la x baina ya mkunjo na ugwe ni a(t − p)(q − t). Pengo kubwa kabisa liko katikati, na ukubwa wake ni a(q − p)²/4. Tazama ule mraba! Ukigawa kipande mara mbili, pengo halipungui nusu, linapungua hadi robo. Ukigawa mara nane, linapungua mara 64. Kwa hiyo kama ugwe mmoja unaukosa mkunjo kwa pikseli 16, nyugwe nane zitaukosa kwa robo ya pikseli, na jicho halitajua. Nane! Huhitaji elfu moja. Aliyeelewa anaandika nane na simu ya mama mboga inafanya kazi. Asiyeelewa anaandika elfu moja, kisha anamwambia mama mboga anunue simu mpya.

Sasa tuseme la shule

Nayasema haya kwa sababu kuna uamuzi unaofanywa sasa hivi kuhusu watoto wetu. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari pevu, wakigawanyika katika njia tatu: STEM, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Mpango wa awali uliifanya hisabati isiwe ya lazima kwa wote. Watu walipiga kelele, na Aprili 2025 Wizara ya Elimu ikatangaza kwamba hisabati itakuwa ya lazima, ila kwa sura mbili: kamili kwa walio STEM, nyepesi kwa waliobaki.

Sina ugomvi na mtoto anayechagua muziki kwa sababu anaupenda. Nina ugomvi na mtoto anayepewa hisabati nyepesi kwa sababu shule iliyo karibu na kwao haina maabara wala mwalimu wa kutosha, kisha tukaita hayo "chaguo lake". Mtoto wa Nairobi akikosea njia atapata shule nyingine ng'ambo ya barabara. Mtoto wa mashamba ya chai atapata nini ng'ambo ya barabara? Chai.

Na hata chai yenyewe inabadilika. Mei 2023 waandamanaji walichoma moto mashine za kuchuma majani chai huko Kericho, kwa hasira ya kazi zinazopotea. Sitaki kuhukumu leo nani ana haki. Nauliza tu: mashine ile iliundwa na watu waliojua hesabu za mkunjo, kasi na kisu. Kwa nini watu hao wasiwe wetu? Tukiendelea kuwafundisha vijana kukariri, au kutowafundisha kabisa, watabaki upande mmoja tu wa mashine, ule wa kutupwa nje.

Majibu kwa wanaonipinga

Najua mtakayosema. Mtasema darasa lina wanafunzi sitini na mwalimu hana muda wa kuitoa kila fomula. Nakubali kazi yake ni ngumu, na simlaumu mwalimu mmoja mmoja. Lakini hesabuni wenyewe: kutoa mlinganyo huu ni mistari mitano. Kukariri mlinganyo wa ugwe, wa tanjenti, wa ugwe ulio wima na kanuni ya dishi ni vitu vinne tofauti, na vinasahaulika vyote. Kukariri ndiko kunakopoteza muda.

Mtasema siku hizi akili unde inajibu maswali yote haya kwa sekunde. Kweli, inajibu. Mimi huitumia kazini. Lakini ikikuletea mlinganyo wenye alama iliyogeuka, nani atajua? Ni yule anayejua kwamba ukibadilisha p na q pasiwe na mabadiliko. Mwingine ataunakili hivyo hivyo na kuupeleka kwa mteja.

Mtasema si kila mtu atakuwa fundi wa dishi au mwandishi wa programu. Sawa kabisa. Hata mimi sidai kila mtoto aijue parabola. Ninachodai ni kwamba akifundishwa, aonyeshwe ilikotoka na aruhusiwe kuivunja aone inavunjikia wapi. Na kama hafundishwi, basi awe ameamua yeye, si umbali wa shule yake kutoka lami.

Likizo ikifika huwa nakaa na vijana wachache wa kwetu, wakiwemo wa ule mkumbo wa mwisho wa 8-4-4 ambao KCSE yao imepangwa kufanyika 2027. Siwapi fomula. Nawapa kamba, rula na dishi bovu. Haichukui saa nzima kabla mmoja hajauliza mbona kanuni imekataa kwenye dishi dogo. Swali hilo halijawahi kutoka kwa mtu aliyekariri.

Haya, wasomaji, zoezi ni hili. Ugwe wa parabola y² = 4ax unapita kwenye fokasi, yaani nukta (a, 0). Je, p na q zina uhusiano gani? Msikimbilie kitabu wala simu. Wekeni x = a na y = 0 kwenye mlinganyo mtazame kinachobaki. Mkishapata, jaribuni na hili la pili: tanjenti za ncha mbili za ugwe huo zinakutana kwa pembe gani? Andikeni majibu yenu hapo chini kwenye maoni, na tafadhali onyesheni njia. Atakayeleta jibu tupu bila njia nitamrudisha kidato cha pili!